Bibi Hakusema Vile

Barua hii iliingia kwenye simu yangu Jumatano asubuhi, ndefu kama mkeka. Kwa kawaida barua husubiri zamu yake hapa gazetini, lakini hii ilikuwa na Jumamosi ndani yake, na Jumamosi hiyo haikuwa na muda wa kusubiri gazeti. Nilimjibu palepale. Leo nachapa yote, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mama Apolonia.

*

Mpendwa mshauri Mama Apolonia, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uniahidi hutaandika jina langu, kwa sababu hata hii meseji nimeifuta mara nne, na nimekaa nyuma ya hema la stoo ili mtu asinione ninaandika nini.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne Bariadi mjini. Shule ya msingi nilisoma ya Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu mama yangu ni nesi wa kutoka mbali na tumekulia nyumba za serikali, na Kisukuma nimekipata kwa bibi mzaa baba, Kiloleli, kila likizo. Kwa hiyo lugha ninazo, ila sauti sina. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua nalisema kwa kunong'ona mpaka mwalimu anamwambia jirani yangu, "Hebu tuambie huyo kasema nini." Nimewahi kupewa chai ya chumvi nyumbani kwa watu, walikosea kopo, nikanywa kikombe kizima na kusema asante, kwa sababu niliona aibu kusema.

Sasa mwezi huu huku Lamadi kuna kambi ya tafakari. Watu sitini na watatu kutoka nchi kumi na tisa wamekuja kukaa wiki mbili kando ya ziwa, wanalala kwenye mahema, wanakaa chini kwenye mduara na kutafakari mtu ni nani na tunaishije pamoja. Si wa dini moja, wapo masista, yupo shehe mmoja wa Senegali, wapo wasioamini chochote, wapo maprofesa na seremala mmoja. Aliyenipeleka kuwa mkalimani ni Madam Sia, mwalimu wetu wa Kiingereza, alimwambia mratibu wa kambi, Bwana Protas, "Huyu haongei, lakini akitafsiri utashangaa." Na ni kweli mshauri, nikitafsiri aibu yote inaniondoka, kwa sababu maneno si yangu, mimi ni bomba tu, maji ni ya mwenyewe.

Kambi ina sheria mbili. Ya kwanza, asubuhi hakuna kula mpaka saa tano, wanasema tumbo tupu linafanya mawazo yawe mepesi. Ya pili, kwenye mduara hakuna kumuuliza mtu jambo lake binafsi, kila mmoja anasema anachotaka mwenyewe.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kumsikiliza mzee wa hapa, nami nikamtaja bibi, kwa sababu ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaopalilia pamba kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Bibi akaja amevaa kitenge kipya na kichwani kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa juani, maana yeye hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Mlinzi wa getini akakichukua kikapu akakipeleka stoo, chakula cha nje hakiruhusiwi. Bibi akaniuliza kimekwenda wapi, nikamwambia wamekipokea na wameshukuru. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, mdogo.

Akakalishwa kwenye mduara, Bwana Protas akamuuliza, "Mama, kwa hekima ya watu wako, mtu ni nini kwa mwenzake?" Nikamtafsiria kwa Kisukuma. Bibi aliwaangalia mmoja mmoja, taratibu, mpaka akauzunguka mduara wote, halafu akaniambia, "Waambie siwezi kuongea na watu wenye njaa. Hawa tangu asubuhi hawajala, midomo imewakauka. Wapewe uji kwanza. Na yule mama wa mwisho pale, mwenye kitambaa cha kijani, kafiwa na nani? Analia kwa ndani tangu nimekaa. Kuna mtu amemuuliza?"

Mshauri, masikio yaliniwaka moto. Watu sitini na watatu wananiangalia, Bwana Protas kanisogezea kinasa sauti mpaka mdomoni, Madam Sia anatabasamu kama mzazi siku ya mahafali, na mimi niseme bibi yangu anaomba uji na anataka kuvunja sheria zote mbili kwa pumzi moja? Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu, "Bibi anasema, ng'ombe hauoni mgongo wake. Anajua kuwa anao siku mwenzake anapoulamba. Na mtu ni hivyohivyo."

Si kwamba ilinijia pale. Nilikuwa nayo kichwani tangu mwaka jana, nimeibeba tu, sikuwahi kupata wa kumwambia. Wakapiga makofi, wengine wakifuta macho. Na hapa ndipo ninapotaka kuungama kwako: nilifurahi. Makofi yalikuwa yangu na hakuna aliyejua ila mimi, na siku ile nilitembea kama mtu aliyekunywa soda tatu. Bibi akaniuliza, "Mbona wanapiga makofi, uji unakuja?" Nikamwambia unakuja.

Maneno yale wameyaandika kwa rangi kwenye shuka jeupe wakalitundika kwenye hema la chakula. Bibi wamemwomba abaki kambini mpaka mwisho kama mgeni wa heshima, na kila siku wageni wanamfuata, wanainama, wanamwambia kwa Kiswahili chao cha kujifunza, "Bibi, ng'ombe, mgongo, asante." Juzi kaniuliza, "Mjukuu wangu, hawa watu wana ng'ombe mgonjwa?" Kaniuliza na lile shuka limeandikwa nini. Nikamwambia limeandikwa Karibuni.

Na yule mama wa kitambaa cha kijani bado analia. Kadi yake ya kifuani imeandikwa Teresa, katoka Peru, anakaa pembeni siku zote, akiitwa anaitika na kutabasamu, akiachwa anageukia ziwani. Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sijamuuliza.

Sasa Jumamosi hii ndiyo kufunga kambi. Watakuja wageni wa wilaya kutoka Nyashimo, bibi atavishwa vazi la heshima, kisha ataombwa aeleze kwa undani maneno yake ya ng'ombe, na kwa ajili ya maneno hayohayo wanataka kumwalika kambi ya mwakani, nje ya nchi. Nikisema ukweli namvua bibi heshima mbele za watu, Madam Sia anaaibika, na wageni watasema kumbe bibi mwenyewe aliomba uji tu. Nisiposema, bibi ataongea ya kwake na mimi nitatunga ya kwangu, na sitajua pa kuachia, kwa sababu, mshauri, nakwambia wewe tu, cha Jumamosi nimeshakiandaa. Kipo kwenye daftari. Kinahusu mvua, na ni kizuri. Nifanyeje?

Mkalimani mwenye aibu, Lamadi.

*

Mkalimani, marahaba. Kwanza toka huko nyuma ya stoo. Pili, lifunge hilo daftari la mvua, ukaliweke chini kabisa ya begi.

Umeandika barua ndefu kwa sababu ya kuonea uji haya. Sasa soma tena ulichoniandikia, soma polepole kama mtu asiyekujua. Watu sitini na watatu wamepanda ndege kuja kuulizana mtu ni nini kwa mwenzake. Wameulizana kutwa, na tumbo tupu juu. Bibi yako kakaa dakika tano, kaona nani ana njaa na nani kafiwa. Jibu la swali lao lilitoka pale, mwanangu, zima, halijapungua neno, na likaishia kwako. Unajiita bomba. Bomba gani linalokunywa maji na kutoa juisi?

Halafu unaniambia unaogopa kumvua bibi heshima. Heshima ipi? Hiyo mliyomvisha haimtoshi, na mwenyewe ameshahisi, ndiyo maana anauliza habari za ng'ombe mgonjwa. Umemnyang'anya heshima ya kweli ukamwachia makofi asiyoyaelewa. Mtu mzima anainamiwa kutwa na hajui anainamiwa kwa nini. Kama hilo halikuumi, rudia kulisoma.

Nimemaliza kugomba. Sasa nikwambie jingine. Ile sentensi yako ya ng'ombe nimeisoma mara tatu, na sasa hivi nimemsomea mume wangu akaacha kijiko. Hukukosea kuitunga. Ulikosea kuivisha kitenge cha bibi na kuisukuma mbele wewe ukiwa nyuma yake. Unasema sauti huna. Imesikika na watu wa nchi kumi na tisa, sasa huna sauti ya namna gani? Kinachokushinda ni kusema kwamba aliyesema ni wewe. Na nakuelewa kuliko unavyodhani, maana hata mimi nilianza kuandika hapa kwa jina la marehemu shangazi yangu, mpaka mhariri aliponishika.

Basi sikiliza. Leo, jua likiwa bado juu, nenda kwa bibi yako, piga magoti, mwambie yote kwa Kisukuma, kikapu, uji, shuka, pamoja na hiyo Karibuni yako. Usimtume Madam. Akikasirika, kaa palepale mpaka amalize. Mkitoka hapo nendeni wawili kwa yule mama, na hilo usilingojeze Jumamosi, aibu yako inaweza kungoja, mtu anayelia peke yake hangoji. Muulize alichouliza bibi, neno kwa neno, bila kukipamba. Ijumaa Madam Sia aambiwe, kwa sababu mtu aliyekuamini hashtukiziwi mbele za wageni. Jumamosi simama kabla bibi hajavishwa kitu, useme mambo matatu: bibi hakusema vile, niliyesema ni mimi, alichosema yeye ni hiki. Kisha kaa chini. Usilie, usijieleze, usiombe radhi mara tisa. Kazi yako ikirudi kuwa ya bomba, uwe bomba.

Na kile kikapu kitolewe stoo. Mtu aliyeleta chakula akaambiwa kimepokelewa, chakula chake kiliwe.

Mama Apolonia.

*

Shikamoo Mama Apolonia. Nimefanya.

Bibi nilimkuta anaosha miguu penye bomba, nikapiga magoti kwenye matope nikamwambia kila kitu, nikiangalia vidole vyake vya miguu muda wote. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho akasema, "Ng'ombe kulambwa mgongo. Umeona wapi?"

"Nilifikiria tu, bibi."

"Ng'ombe hulambana shingo na kichwa, pale ulimi wake mwenyewe usipofika. Mgongo anajikuna kwenye mti. Wasomi wote hawa, hakuna hata mmoja aliyefuga?"

"Yupo seremala mmoja."

Akacheka mpaka akajishika kwenye bomba. Mimi nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa bado anafikiri, akaacha kucheka ghafla akaniuliza, "Kwa hiyo yule mama wa kijani hakuulizwa?"

"Hakuulizwa."

"Siku tano." Hapo ndipo alipokasirika, mshauri, na si kwa ajili ya shuka wala ng'ombe. Alinishika mkono, miguu bado inachuruzika maji, tukaenda.

Yule mama alikuwa amekaa karibu na matete. Nikamwambia, bibi yangu anauliza umefiwa na nani. Nilisema kwa kunong'ona, lakini nilisema. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Kafiwa na dada yake. Teresa si jina lake, ni la dada. Dada ndiye aliyekuwa amejiandikisha kambi, akafa mwezi mmoja kabla, na huyu akaja mahali pake, na siku ya kufika walipomvalisha kadi ya dada yake aliona aibu kuirudisha. Siku zote hizo anaitwa kwa jina la marehemu, anaitika. Yeye anaitwa Inés. Aliposema aliona aibu kuirudisha sikujua nicheke au nilie, kwa sababu nilidhani duniani aliyekunywa chai ya chumvi ni mimi peke yangu.

Bibi akasema, "Mwambie kubeba jina la marehemu si kosa, hata kwetu majina hurithiwa. Lakini anayerithi jina hukaa katikati ya watu, wanakula naye. Haachwi akae nalo pembeni." Nikatafsiri neno kwa neno. Sikuongeza hata koma.

Ijumaa nikamwambia Madam Sia. Alikaa kwenye kiti, akasema, "Wewe mtoto utaniua," kisha akaniambia nilete sare yangu, akaipiga pasi yeye mwenyewe.

Jumamosi mduara ulijaa, wageni wa wilaya mbele kwenye viti, vazi la bibi limekunjwa mezani. Bwana Protas akasema sasa tumsikilize mkalimani wetu atukaribishie bibi. Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili: bibi yangu hakusema maneno yaliyo kwenye shuka. Niliyesema ni mimi. Yeye alisema wapewe uji kwanza, na akauliza yule mama pale kafiwa na nani. Kisha nikakaa, kama ulivyoniagiza.

Bwana Protas akashusha kinasa sauti. Mgeni mmoja wa wilaya akakohoa. Kuna mtu nyuma akacheka kidogo akaacha, na mimi nikawa nahesabu vifungo vya sare yangu, niko cha tatu, Inés aliposimama. Alikuja mpaka katikati ya mduara, akavua ile kadi akaiweka mkekani, akasema, "Mimi ni Inés. Teresa alikuwa dada yangu, na yeye ndiye aliyetaka sana kuja." Maprofesa wakaangaliana, sheria ya pili imevunjika na wa kuiunga hakuna.

Bibi akasema, "Sasa uji."

Nikatafsiri, "Sasa uji." Mama Apolonia, hiyo ndiyo sauti kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Mlinzi wa getini aligeuka.

Bwana Protas akaangalia saa, ilikuwa saa tatu na nusu, akamwangalia bibi, akavua viatu vyake vizuri akaenda jikoni mwenyewe. Ukaja uji wa mtama, na kikapu cha michembe kikatoka stoo, jikoni wakaongeza karanga, bibi akakigawa kwa mkono wake, na Inés wakamweka katikati. Shehe akamuuliza Teresa alikuwa mtu wa namna gani. Akasema alikuwa anaimba vibaya sana, na alikuwa hajui kuwa anaimba vibaya. Watu wakacheka, na yeye akacheka, halafu akalia kwa sauti, kilio cha nje sasa, na masista wawili wakamshika. Baada ya hapo kila mtu akawa anamuuliza jirani yake yale waliyokuwa wamekatazwa, ilifika saa saba hakuna aliyesimama, na wageni wa wilaya walikosa ratiba lakini walishiba. Seremala alituambia ana mtoto ambaye hajaongea naye miaka sita, akatoka akapiga simu, akarudi amebeba simu mbele yake kama yai.

Bibi alivishwa vazi lake. Bwana Protas alimwambia mbele ya wote kwamba sheria ya njaa ameifuta, na kwamba mwakani anaalikwa kwa maneno yake halisi. Bibi akasema, "Nitakuja kama mtapika." Na mimi wamenialika nikazungumze, si kutafsiri, watatafuta mwingine wa kutafsiri. Nilisema ndiyo kabla Bwana Protas hajamaliza swali.

Lile shuka bibi aliliomba, akasema ni kitambaa kizito, wasikipoteze bure. Sasa liko Kiloleli, anaanikia michembe. Lakini kabla hajalikunja niliomba rangi, nikafuta mgongo nikaandika shingo, na chini yake nikaandika jina la aliyesema.

Ile barua ya kwanza ichape yote, usipunguze kitu. Na jina langu sasa liandike. Naitwa Jenifer Masele.